Camp Devens 1918: siku hospitali ya wagonjwa 1,200 ilipoletewa askari maelfu (uzi mrefu)

#1 SistaWaZamu (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Wakubwa zangu humu, shikamooni.

Mimi ni muuguzi, huu ni mwaka wangu wa 19 wodini. Tangu ile miaka ya korona nimekuwa nasoma kila ninachokipata kuhusu homa ya mafua ya mwaka 1918, ile iliyoua mamilioni ya watu vita vya kwanza vya dunia vikielekea ukingoni. Wanaoandika juu ya homa ile wengi huhesabu maiti, wakamaliza. Mimi nataka tuongee wodi. Nani alimgeuza mgonjwa? Nani alibadilisha shuka? Kitanda na kitanda viliachana kiasi gani?

Nieleze msimamo wangu mapema ili atakayenipinga ajue anapinga nini. Dawa ya kuua kirusi haikuwepo. Kilichomvusha askari kilikuwa mikono ya kumuuguza na nafasi ya kupumua. Na vyote viwili viliamuliwa na makamanda kabla mgonjwa hajafika kwa daktari.

Nimechagua kambi moja, Camp Devens, kaskazini-magharibi mwa Boston, karibu na mji mdogo wa Ayer, jimbo la Massachusetts. Marekani ilipoingia vitani Aprili 1917 haikuwa na jeshi kubwa. Ikajenga kambi za mbao harakaharaka, vijana wakatolewa mashambani na viwandani wakajazwa humo. Devens ilijengewa watu 36,000. Mwanzoni mwa Septemba 1918 walikuwamo zaidi ya 45,000.

Hospitali ya kambi haikuwa mbaya kwa wakati wake: wodi ndefu za mbao zilizounganishwa kwa korido, nafasi ya wagonjwa 1,200. Kabla homa haijafika ilikuwa na wagonjwa 84 tu. Namba hiyo siiachi. Wagonjwa 84 sista anaweza kuwajua kwa majina, anajua yupi hajala, yupi anamlilia mama yake usiku.

Mwishoni mwa Agosti mabaharia walianza kuanguka kwenye gati la jeshi la majini pale Boston. Siku kumi na kitu baadaye, tarehe 7 Septemba, askari mmoja wa kikosi cha 42 cha miguu aliletwa hospitali ya Devens akiweweseka. Ukimgusa tu anapiga kelele. Wakaandika homa ya uti wa mgongo. Sitawalaumu, hata mimi ningeanzia hapo. Kesho yake wakaja wenzake kama kumi na wawili wa kombania ileile, nao wakadhaniwa vilevile. Kisha kambi nzima ikaanza kukohoa.

Naendelea chini, msiondoke.

#2 SistaWaZamu

Kuna siku moja waliripoti wagonjwa wapya 1,543. Siku moja, wakuu. Tarehe 22 Septemba karibu mtu mmoja kati ya watano wa kambi nzima alikuwa kwenye orodha ya wagonjwa, na wengi wao walihitaji kulazwa.

Mnaofanya kazi hospitali mtanielewa. Wodi ikijaa, cha kwanza kupotea si dawa. Ni muda. Mgonjwa mmoja wa homa kali anataka maji kila mara kwa kijiko au kwa mrija, anataka kukandwa maji, kuinuliwa mgongo apumue, kugeuzwa, kusafishwa kinywa kilichokauka, kubadilishiwa shuka lililolowa jasho na damu ya pua. Fanya hayo kwa watu 20 na zamu imekwisha. Pale muuguzi mmoja alikuwa na watu wengi kupita hao mara kadhaa, na wauguzi wenyewe walikuwa wanaanguka: kati ya wauguzi 200 hivi, 70 walikuwa wamelala wagonjwa. Msalaba Mwekundu wakahangaika wakapata wauguzi 12 wa kuongeza nguvu. Kati ya hao 12, wanane waliugua, wawili wakafa.

Vitanda vilipokwisha waliweka vitanda vya kukunja kwenye korido. Korido zikajaa, wakaenda kwenye baraza. Baraza zikajaa. Mwishowe, baada ya tarehe 25 hivi, hospitali ikaacha kupokea wagonjwa hata mtu awe mahututi namna gani. Aliyeugua baada ya hapo alibaki kwenye bweni lake, na aliyemhudumia alikuwa rafiki yake wa kitanda cha pili, kama naye alikuwa bado anasimama.

Tarehe 23 Septemba walifika wakubwa wa utabibu wa Marekani kuja kuona kuna nini: William Welch, Victor Vaughan na Rufus Cole. Hawa hawakuwa watu wa kutishika ovyo. Welch alikuwa na umri wa miaka 68 na ndiye aliyewafundisha patholojia nusu ya wakubwa wa tiba wa nchi ile. Siku ile kulikuwa na baridi na manyunyu. Vaughan aliandika baadaye kwamba aliona vijana walioshiba nguvu wakiingia wodini kwa makundi, kumi na zaidi kwa mara moja, wakilazwa mpaka vitanda vikaisha na wengine bado wanaingia. Nyuso zimegeuka bluu, kikohozi kinatoa damu. Asubuhi aliona maiti zimepangwa mochwari kama kuni. Siku hiyo aliambiwa hesabu ya waliokufa: 63.

Kisha wakaingia chumba cha uchunguzi wa maiti. Kifua kilipofunguliwa, mapafu yalikuwa mazito, yamevimba, yamejaa maji yenye povu na damu. Mapafu mazima huelea majini, haya yalizama. Waliokuwepo walisema Welch alifadhaika, akasema hii lazima iwe maambukizi mapya au tauni ya aina nyingine. Rufus Cole alikumbuka tukio lile maisha yake yote, kwa sababu hakuwahi kumwona mzee yule ametikisika.

#3 KurutaWaZamani

Sista, umenirudisha mbali sana. Nilipita JKT miaka ya themanini. Hanga letu lilizidi watu, mmoja akipata mafua Jumatatu, Ijumaa gwaride zima linapiga chafya. Na afande hataki kusikia, unaambiwa unatega. Je, hao waliruhusiwa kuripoti ugonjwa mapema au walisubiri mpaka waanguke?

#4 SistaWaZamu

Kaka yangu KurutaWaZamani, umeuliza swali lenyewe. Mfumo ulikuwa kama wenu: asubuhi kuna mstari wa wagonjwa, unasimama, unapimwa, unaambiwa nenda kazini au nenda hospitali. Kijana wa miaka 21 hataki kuonekana dhaifu mbele ya wenzake. Homa ile ilikuwa inapanda kwa saa chache tu, kwa hiyo wengi waliripoti asubuhi wakiwa wameshalala usiku mzima katikati ya wengine, au waliangukia kwenye gwaride.

Kuna barua ya daktari mmoja wa pale ambayo kila muuguzi angepaswa kuisoma. Iliandikwa tarehe 29 Septemba 1918 kwa daktari mwenzake, imesainiwa jina la kwanza tu, Roy. Ilikaa kwenye sanduku huko Detroit miongo kadhaa, ikaja kuchapishwa mwaka 1979 kwenye jarida la madaktari wa Uingereza. Anaeleza kwamba mgonjwa anaingia na homa iliyofanana na mafua ya kawaida, saa mbili tangu alazwe anatokwa na madoa ya rangi ya mninga kwenye mashavu, saa chache baadaye ubluu unaanzia masikioni na kusambaa uso mzima, mpaka huwezi kumtofautisha mweusi na mweupe. Baada ya hapo ni kugombania hewa tu. Anasema ukiona mtu mmoja, wawili, hata 20 wanakufa unaweza kuvumilia, lakini hawa vijana wanaanguka kama nzi. Kwa makadirio yake walikuwa wanakufa kama 100 kwa siku. Anafanya kazi saa 16. Majeneza yaliisha kwa siku kadhaa. Bweni moja refu lilihamwa likafanywa mochwari, na mochwari ya kawaida ilikuwa nyuma tu ya wodi yake.

Ninachokiona kwenye barua ile ni mtu anayemuandikia mwenzake katikati ya zamu ili asiwe peke yake. Mwaka 2021 nami nilimwandikia rafiki yangu ujumbe wa namna hiyo saa tisa usiku, kutoka hospitali ambayo sitaitaja. Tulikuwa wawili kwenye wodi iliyotaka watu saba. Mitungi ya oksijeni ilikuwa inahesabiwa kama fedha.

Hadi wimbi lilipopungua Oktoba, Devens ilikuwa imeuguza karibu askari 15,000, na waliokufa walipita 750.

#5 Mfamasia_Moro

Sista, heshima kwako. Uzi umesimama. Naomba nipinge kidogo.

Unasema dawa haikuwepo. Dawa zilikuwepo, tena nyingi mno, na huenda baadhi zilidhuru. Hati miliki ya Bayer ya aspirini nchini Marekani iliisha Februari 1917, viwanda vingi vikaanza kuitengeneza. Mwaka 1918 vitabu vya tiba na hata mkuu wa afya wa taifa waliipendekeza kwa homa hii. Dozi zilizopendekezwa zilikuwa kati ya gramu 8 na 31 kwa siku. Leo kwa mtu mzima tunasita tukifika gramu 4. Ukizidisha aspirini hivyo, mgonjwa anapumua harakaharaka, na wengine mapafu yanajaa maji. Mwaka 2009 daktari Karen Starko aliandika makala akisema hilo linaweza kuwa lilichangia vifo vya haraka. Sasa wodi iliyojaa, muuguzi hana muda, kidonge ndicho kinachotolewa haraka. Huoni kwamba huduma yenyewe iliua?

#6 SistaWaZamu

Mfamasia, asante. Hoja nzito hii, na imenibidi niiwaze tangu jana.

Nakubaliana nawe nusu. Ukiacha aspirini, kulikuwa na sindano za kafuri, strikinini ya kuamsha moyo, dijitalisi (dawa nyingine ya moyo), kwinini, wiski, na seramu ya nimonia kutoka Taasisi ya Rockefeller ambayo ilifaa aina moja tu ya bakteria. Madaktari walikuwa wanamkimbiza adui wasiyemjua. Waliaminishwa kwamba kisababishi ni bakteria wa Pfeiffer, wakatengeneza chanjo dhidi yake. Kirusi cha mafua ya binadamu kilikuja kupatikana maabara mwaka 1933. Penisilini ilikuwa bado miaka 10 mbele kugunduliwa.

Nusu ya pili nabaki na yangu. Mwaka 2008 watafiti Morens, Taubenberger na Fauci walichapisha utafiti wa vipande vya mapafu ya wakati ule pamoja na ripoti nyingi za uchunguzi wa maiti, wakaonyesha kwamba vifo vilivyo vingi vilitokana na nimonia ya bakteria iliyoingia baada ya kirusi kuchubua njia ya hewa. Yaani kwa walio wengi kulikuwa na siku kadhaa katikati ambapo mtu angeweza kuokolewa au kupotea. Na bakteria hao walitoka wapi? Kwenye koo la mgonjwa wa kitanda cha jirani. Ukilaza watu 80 kwenye wodi ya 40 na kila mmoja anakohoa, umegeuza wodi kuwa mahali pa kupatia nimonia. Hapo aspirini ni mshiriki, si mkuu wa kesi.

Tena wauguzi walijua kitu kimoja ambacho hakikuandikwa kwenye cheti cha dawa: homa ikishuka usimruhusu mtu ainuke. Walioinuka mapema, wakarudi mabwenini au kazini, wengi walirudishwa kwa machela baada ya siku mbili tatu wakiwa na nimonia. Lakini ukiwa na foleni ya askari mlangoni, unamwinua nani umlaze nani? Uamuzi huo walikuwa wanaufanya kila saa.

#7 MamaWawili_Tanga

Sista, kuna mahali popote walipofanya vizuri? Maana nasoma huku moyo unadunda.

#8 SistaWaZamu

Dada yangu, papo. Tena pawili, na ndipo ninapopapenda.

Pa kwanza ni Camp Grant, jimbo la Illinois. Daktari mmoja wa hospitali ya kambi, Kapteni Joseph Capps, alikuwa ameanza kuwavalisha *wagonjwa* barakoa za gozi (kile kitambaa chepesi cha kufungia vidonda) tangu miezi ya mwanzo ya 1918, kabla ya wimbi kubwa. Mgonjwa wa kifua akipakiwa tu kwenye gari la wagonjwa, anafunikwa pua na mdomo. Na wodini walining'iniza shuka kati ya kitanda na kitanda, kila mgonjwa akawa na kijumba chake. Shuka na kamba, basi. Alichapisha matokeo yake Agosti 1918 kwenye jarida la madaktari wa Marekani. Welch aliyaona akayasifu. Lile shuka lilirudisha kitu ambacho jeshi lilikuwa limemnyang'anya askari: upana wa pumzi yake mwenyewe.

Lakini angalieni kilichofuata palepale Camp Grant. Baridi ilikuwa inaingia, mahema yalikuwa hayatoshi, kamanda wa kambi Kanali Charles Hagadorn akaruhusu mabweni yajazwe kupita kiwango ingawa madaktari walishauri kinyume. Wagonjwa wakaongezeka mpaka hospitali ikalemewa, shuka au bila shuka. Treni ikaondoka pale na askari 3,108 kwenda Camp Hancock, Georgia, mwendo wa siku nzima na zaidi, wamekaa wamebanana. Walipofika, zaidi ya 700 walipelekwa hospitali moja kwa moja. Vifo vya Camp Grant vilipopita 500, Hagadorn alijifungia ofisini kwake akajiua. Sina neno gumu la kumwambia marehemu yule. Alielewa, akachelewa.

Pa pili ni kilima cha Corey, Brookline, kando ya Boston. Si askari wa nchi kavu hawa, ni mabaharia wa meli. Daktari William Brooks alifungua hospitali ya mahema, iliitwa Camp Brooks. Mchana wagonjwa walitolewa nje ya mahema walale juani. Chupa za maji ya moto miguuni, mablanketi, chakula cha moto. Waliowahudumia walivaa barakoa ya gozi matabaka matano iliyowekwa juu ya fremu ya waya ili isiguse mdomo, na ilibadilishwa kila baada ya saa mbili. Kati ya mabaharia 351 waliolazwa, 36 walifariki. Kila mmoja wa hao 36 ni msiba. Lakini ni chini sana kuliko ilivyokuwa kwenye hospitali zilizofungwa madirisha wakati uleule na mji uleule.

Hewa, jua, umbali, gozi safi, supu. Hakuna hata kimoja hapo ambacho Devens ilikikosa kwa sababu ya sayansi. Walikosa kwa sababu ya idadi ya watu.

#9 KurutaWaZamani

Hapo sista nitasimama upande wa pili, usinichukie. Septemba na Oktoba 1918 Wajerumani walikuwa wanarudi nyuma. Ukisimamisha makuruta na meli, adui anapumua, vita vinaongezeka miezi sita, wanakufa wengi zaidi mstari wa mbele. Jenerali anapima vifo kwa vifo. Daktari anamwona mgonjwa wake tu.

#10 SistaWaZamu

Siwezi kukuchukia, kaka. Hiyo ndiyo hoja aliyoitoa Jenerali Peyton March, mkuu wa majeshi yao. Rais Wilson alimwita Oktoba kumuuliza kama wasimamishe meli za askari. March alikataa. Alisema askari aliyekufa kwa homa njiani ametoa mchango wake sawa na mwenzake aliyekufa Ufaransa. Wilson akakubali, meli zikaendelea.

Ngoja nikueleze meli moja. Leviathan iliondoka bandari ya New York tarehe 29 Septemba na askari zaidi ya 9,000. Kikosi cha 57 kutoka Vermont kilipokuwa kinaandamana kwa miguu kwenda kupanda meli, watu walianza kuanguka barabarani. Waliobaki wakapandishwa. Chumba cha wagonjwa kilikuwa na vitanda kama 200. Ilipofika Brest, Ufaransa, baada ya siku kama nane, wagonjwa walikuwa 2,000. Ripoti ya jeshi lenyewe inaeleza sakafu ya vyumba vya chini ikiteleza kwa damu za pua, kwa sababu vitanda vilipangwa ghorofa kwa ghorofa na damu ya wa juu ilidondokea kwa wa chini, na wauguzi walishindwa kupita bila kuikanyaga. Makumi kadhaa walizikwa baharini au walishushwa wakiwa maiti.

Sasa nipime kama jenerali. Wale 2,000 walioshushwa Brest hawakwenda mstari wa mbele. Walikwenda kujaza hospitali za Ufaransa zilizokuwa tayari zina majeruhi, na kila mmoja alihitaji muuguzi ambaye angekuwa anafunga vidonda. Jeshi zima la Marekani lilipoteza askari karibu 45,000 kwa mafua na nimonia, na waliouawa vitani walikuwa kama 53,000. Namba mbili hizo ziko jirani mno. Na kuhusu makuruta, mkuu wa uandikishaji, Jenerali Crowder, aliahirisha wito wa Oktoba wa vijana 142,000 tarehe 26 Septemba. Hawakuitwa, na Novemba 11 vita viliisha hivyohivyo. Tena ofisi ya mganga mkuu wa jeshi ilishapendekeza uhamisho kati ya kambi na kambi usimamishwe. Walioshauri walikuwepo na walikuwa na vyeo.

Kwa hiyo hapana, siamini kwamba ilikuwa vifo kwa vifo. Ilikuwa ratiba ya treni dhidi ya taarifa ya wodi, na ratiba ikashinda.

#11 Binti_wa_Kariakoo

Sista, nauliza kitu kidogo. Umetaja barua inayosema huwezi kutofautisha mweusi na mweupe. Wauguzi weusi je? Walikuwepo?

#12 SistaWaZamu

Mdogo wangu, hicho si kidogo.

Wauguzi weusi waliosomea kazi na kusajiliwa walikuwepo mamia huko Marekani, walijiandikisha Msalaba Mwekundu, wakaambiwa subirini. Vita vizima wakasubiri. Askari weusi wanakufa kambini, wauguzi hawatoshi, na jeshi halikuwachukua. Homa ndiyo iliyovunja mlango. Desemba 1918, mapigano yameshakoma, wauguzi weusi 18 walipokelewa jeshini, tisa wakapelekwa Camp Sherman, Ohio, na tisa Camp Grant. Camp Sherman ilikuwa imeshapoteza karibu watu 1,200 kwa homa ile. Waliwekwa kwenye makazi yao peke yao, lakini wodini waliuguza weupe na weusi. Katikati ya 1919 wakaruhusiwa kurudi nyumbani.

Fikiria Septemba, siku ile ya wagonjwa wapya 1,543. Fikiria mtu mwenye cheti, mikono yake miwili, amekaa kwao anasubiri barua.

Nilikuwa nakaribia kufunga uzi kabla ya swali lako. Umefanya vizuri kuuliza.

#13 MzeeWaReli

Mwanangu, nimesoma wote. Sisi huku je? Baba yangu mzee alikuwa anasema babu yake alibebeshwa mizigo ya Waingereza, akarudi Dodoma akakuta nyumba tatu hazina watu. Alisema ni homa ya vita.

#14 SistaWaZamu

Shikamoo mzee. Pole kwa hizo nyumba tatu. Zimesubiri miaka mingi kutajwa.

Ndiyo, ni homa ileile na vita vilevile. Ilitua pwani ya Kenya kwa meli, Mombasa, Septemba 1918, mwezi uleule wa Devens. Ikapanda na reli. Ikafuata barabara za wapagazi na askari, ikaingia Tanganyika iliyokuwa imeshaliwa chakula chake na majeshi mawili kwa miaka minne. Hata safu ya von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani huku kwetu, ilikumbwa nayo, na baada ya kujisalimisha Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, mateka waliendelea kuugua na kufa makambini.

Lakini nikilinganisha huduma, mzee wangu, ndipo naumia. Askari wa Devens alikosa kitanda hospitali ilipojaa. Mpagazi wa huku wengi wao hawakuwa kwenye hesabu ya kitanda tangu mwanzo. Hospitali za wapagazi zilikuwepo, Dar es Salaam mojawapo, na kuna waganga waliojitahidi kweli. Ila mtu alifika pale ameshachoka kwa kuhara, malaria na unga wa mahindi ulioiva nusu, blanketi moja, na homa ikamkuta mwili hauna akiba. Hesabu rasmi za Waingereza ziliwatambua wapagazi zaidi ya 40,000 waliokufa kwa sababu zote, na wanahistoria wanakadiria karibu 100,000. Jina la kikosi chao kwa Kiingereza, Carrier Corps, likageuka mdomoni mwetu likawa Kariakoo, tunakwenda kununua vitenge hapo. Binti_wa_Kariakoo, jina lako limetoka kwao.

Devens ina barua, ripoti na hesabu za kila siku. Nilizipata kwa sababu muuguzi, karani na daktari waliandika hata katikati ya vurugu ile. Mzee, kama kuna mtu kwenu bado anakumbuka jina la yule mzee aliyebeba mizigo na majina ya waliokuwa kwenye nyumba zile tatu, naomba uyaandike mahali, hata kwenye daftari la shule.

#15 Mfamasia_Moro

Sista, la mwisho kabla sijalala. Ni kweli kirusi kile kilifufuliwa kutoka kwenye mwili wa askari?

#16 SistaWaZamu

Karibu hivyo, kilichopatikana mwilini mwake ni jeni za kirusi. Askari anaitwa Roscoe Vaughan, usimchanganye na yule daktari Vaughan. Umri wake miaka 21, alikuwa Camp Jackson, South Carolina. Alifariki tarehe 26 Septemba 1918. Siku hiyohiyo daktari wa jeshi alifungua kifua chake mchana, akakata kipande kidogo cha pafu, akakihifadhi kwa dawa, kikazamishwa kwenye nta na kutumwa Washington. Kilikaa kwenye ghala karibu miaka 80. Timu ya Jeffery Taubenberger ikakitoa, na mwaka 1997 wakachapisha vipande vya kwanza vya jeni za kirusi. Askari wa pili, wa Camp Upton, New York, alithibitisha. Baadaye wakapata mwanamke aliyezikwa kwenye barafu Alaska.

Ninachokifikiria ni yule daktari wa Camp Jackson. Wodi imejaa, watu wanakufa, hajui kisababishi, hana darubini ya kukionyesha. Bado akaketi akaandika jina, umri, saa ya kifo, akafunga kipande kile vizuri.

Mzee wa Reli, nasubiri majina. KurutaWaZamani, kama bado una neno kuhusu March, liandike, nitakujibu. Kesho naingia zamu ya usiku, kwa hiyo mpaka keshokutwa mchana.

#17 MzeeWaReli

Mwanangu, nimempigia dada yangu Kondoa. Nyumba ya kwanza walikuwa saba. Anakumbuka majina manne. Nayaandika.